Nyumba ya mjane haijengwi kwa wiki moja

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka mvua zikikatika, makanisa ya mijini hupanga safari za huduma kwenda vijijini, na siku hizi safari hizo haziishii kwenye mahubiri na nyimbo. Kwaya au umoja wa vijana hubeba saruji na bati, wakaenda kumjengea nyumba mjane au bibi anayelea wajukuu yatima. Ni kazi njema, na tunaomba iendelee. Tunaandika kwa sababu huku vijijini Dodoma zipo nyumba za namna hiyo zilizopasuka kabla ya masika ya pili, na ukifuatilia chanzo unakuta ni haraka. Kundi lina siku saba, nalo linataka kukabidhi ufunguo Jumapili.

Zege la siku saba lina kama theluthi mbili tu ya nguvu zake. Nguvu kamili hupimwa siku ya 28. Kwa hiyo kama wageni wanafika katikati ya Julai, kazi ianze katikati ya Mei. Tofali zifyatuliwe Mei, msingi umwagwe katikati ya Juni, kuta zifike mwishoni mwa Juni kwenye lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Kazi hiyo waachiwe mafundi wa hapo hapo kijijini, walipwe kutoka mfuko ule ule wa safari. Wageni wakute lenta ina wiki mbili, wao wapandishe paa.

Kabla ya tofali la kwanza, suala la kiwanja liishe. Mjane anaweza kujengewa nyumba nzuri, kisha ndugu wa marehemu wakaja kusema ardhi ni ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na kijiji kinaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake yeye mwenyewe. Mchungaji wa mtaa aende naye kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, majirani wanne wa mpakani waitwe, mipaka ionyeshwe mchana mbele ya ndugu wa mume. Hati ikichelewa, upatikane angalau muhtasari wa kikao wenye mhuri. Tunasema wazi: kama hili halijakamilika, saruji isinunuliwe.

Tuchukulie nyumba ya mita 6 kwa 7, sebule na vyumba viwili. Kupata pembe, tumieni kamba ya pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5, kisha pimeni kutoka kona hadi kona: lazima isome mita 9.22 njia zote mbili. Zikitofautiana hata kwa sentimita tano, mtakuja kulipia kwenye paa. Mtaro wa msingi uwe na upana wa sentimita 45 na ufike kwenye udongo mgumu. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao hupasua ukuta. Ukikutana nao mkachimba mita nzima bila kuumaliza, hamisheni kiwanja au mwiteni mhandisi wa halmashauri. Juu ya msingi, kabla ya ukuta kuanza, tandazeni nailoni nzito, la sivyo unyevu utapanda na plasta itamomonyoka chini kama inavyoonekana kwenye madarasa mengi ya zamani.

Kuta za nyumba hiyo pamoja na msingi zinakula tofali za inchi 6 zipatazo 1,200. Anayetoa tofali 50 kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 anawauzia mchanga. Ombeni zisizidi 30. Zikae kivulini na zimwagiwe maji asubuhi na jioni siku saba mfululizo. Jaribio letu ni rahisi: inueni tofali hadi kiunoni mliachie lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika, rudisheni mzigo. Mbali na saruji ya tofali, hesabuni mifuko isiyopungua 50 kwa zege la msingi, kujengea, lenta na jamvi, yaani zege la sakafu, plasta bado. Hapa ndipo makundi hukwama, kwa kuwa mchango hukusanywa kwa kukadiria bei ya bati na saruji ya ukuta tu. Bwana mwenyewe alisema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama.

Maji nayo yahesabiwe. Mwezi wa Julai visima vingi vimeshuka. Wekeni fungu la lita 10,000, yaani boza moja. Maji ya baadhi ya visima huku yana chumvi, hasa upande wa Bahi. Msiyatumie kwenye lenta, yatakula nondo.

Lenta ndiyo mshipi wa nyumba. Izunguke kuta zote bila kukatika, na za ndani pia, kwa sababu Dodoma iko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na tetemeko dogo si jambo geni. Kuna wanaoweka lenta juu ya milango na madirisha pekee ili kubana fedha. Ufa huanzia pale pale inapoishia. Nondo nne za milimita 12, ringi za kuzifunga za milimita 6 kila baada ya sentimita 20: hiyo ni nondo 14 za mita 12 na ringi 180. Nondo zinapoungana zipishane sentimita 60, na kwenye kona zikunjwe ziingie upande wa pili, zisiishie konani. Mchanganyiko ni mfuko mmoja wa saruji, ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Pimeni kwa ndoo; koleo la kijana mwenye nguvu si sawa na koleo la aliyechoka. Maji ni lita 25 hadi 28 kwa mfuko. Mara nyingi vijana wakiona zege zito kulipindua huongeza maji mpaka linakuwa kama uji, na likikauka linabaki na vitundu vinavyoiacha nondo wazi. Nguzo zinazoshikilia lenta juu ya milango na madirisha zisitolewe kabla ya siku 14.

Kabla zege la lenta halijamwagwa, zamisheni waya mzito au mikanda ya chuma kila mahali itakapokaa kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Upepo wa huku kuanzia Juni ni mkali, na paa lililopigiliwa misumari tu juu ya ukuta huondoka na mbao zake. Mbao zote zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupanda, na kila zinapokatwa zipakwe tena kwenye ncha. Kwa nyumba hii mteremko wa kila upande unafika karibu mita 3.9, hivyo bati la mita 3 halitoshi. Agizeni la mita 4, vipande 24, geji 28. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na wauzaji hawatawaambia. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye mfereji, na bati zipishane migongo miwili, mdomo ukiupa upepo kisogo.

Wengi wanaojengewa wanatoka kwenye tembe, nyumba ya asili yenye kuta na paa la udongo, ambayo kwa joto la mchana ni nyumba ya busara kuliko hii yetu. Acheni matundu ya hewa chini ya paa, na mulizeni mama anataka mlango utazame wapi na jiko lake likae wapi. Ndiye atakayeishi humo.

Kwa wageni wasio na ufundi kazi bado zipo tele: kubeba maji, kuchekecha mchanga wa plasta, kupaka dawa mbao, kushindilia moramu chini ya jamvi, kupaka rangi. Kupanda kwenye kenchi si moja ya kazi hizo. Wanakijiji nao waitwe kwa msaragambo wasombe mchanga na kokoto, ili nyumba iwe ya kijiji pia. Na choo, ambacho husahaulika mara nyingi, kichimbwe mapema, mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Fedha ikibaki, msinunue fulana za kumbukumbu. Wekeni mfereji wa bati ukingoni mwa paa na simtanki ya lita 1,000 juu ya jukwaa la mawe. Mvua ya milimita 10 tu juu ya paa hilo inateremsha lita 500, nazo ni ndoo 25 ambazo mama na wajukuu wake hawatazifuata mtoni.

Mafundi waashi na maseremala,
Dodoma