Malalamiko kuhusu buti zilizomeguka soli na kupekuliwa mbele ya watu

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Nairobi.

Nakala: Mkuu wa Huduma kwa Wateja, Msimamizi wa Tawi la Mombasa.

Mombasa, Juni 2025

Kwa heshima,

KUH: BUTI MLIZONIUZIA KAMA MPYA, NA NILIVYOTENDEWA NILIPOZIRUDISHA

Nawasalimu. Sina haja ya kuwaeleza sera yenu ya kurudisha bidhaa. Mmeiandika wenyewe na kuibandika ukutani nyuma ya kaunta, na nembo yenu juu yake. Ninachotaka mjue ni jinsi msimamizi wa tawi lenu la Mombasa alivyoitumia Jumamosi iliyopita, nami nimesimama mbele yake kwa mguu mmoja, mwingine umefungwa bandeji.

Niliweka buti juu ya kaunta. Akaishika soli, akaifinya, ikamegukia mkononi mwake. Hakushtuka. Alifuta vidole, akasema kwa sauti ya kufika hadi mlangoni, "Mama, hizi umelimia shamba." Nikamtolea risiti. Akasema bidhaa ikishauzwa hairudi. Nikamwomba aniandikie hilo kwenye karatasi na kulitia sahihi. Hapo ndipo alipomwita askari wa mlangoni akamwamuru anipekue mkoba kabla sijatoka. Mkoba wangu ukamwagwa juu ya kaunta ile ile mliyopokelea pesa zangu, foleni nzima ikitazama.

Nitalirudia jambo hili huko mbele, kwa maana halijanitoka.

Nilipokuja kununua nilijua ninachotaka. Mimi ni nahodha wa timu ya peintiboli, mchezo wa kulengana kwa bunduki za rangi, ya ofisi yetu ya uwakala wa forodha, na wenzangu husubiri nichague vifaa kwanza ndipo nao wanunue. Bango lenu lilisema buti zile ni za "eyasofti, peintiboli na kupanda mlima" na kwamba hazipitishi maji. Eyasofti, mchezo wa kulengana kama huo ulioanzia Japani miaka ya 1970 kwa vidonge vya plastiki vya milimita 6, hauna wachezaji wengi hapa kwetu. Sisi tunacheza peintiboli, kwa kapsuli za jelatini zenye rangi. Lakini miguuni mahitaji ni yale yale, na ninyi ndio mlioandika michezo hiyo kwenye bango. Hamkuandika viatu vya matembezi ya jioni.

Nilizijaribu baada ya kazi, kwa sababu mguu huvimba kidogo ikifika saa hizo, na buti inayokaa vizuri asubuhi yaweza kubana jioni. Nilikuja na soksi nene nitakazochezea. Nilitaka shingo ya inchi sita au zaidi, ipite kifundo, kwa kuwa mchezoni mtu hakimbii njia iliyonyooka. Unachutama nyuma ya gogo, unainuka ghafla, unakata kona, unateleza, unapiga goti. Nilitaka soli yenye meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke lenyewe. Nilikataa pua ya chuma, maana ni mzigo wa bure na inakata vidole ukipiga goti. Njumu za chuma nazo sikuziuliza, viwanja vinazikataza na vina haki. Nikaacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kisha nikapanda na kushuka ngazi za duka lenu kuona kama vidole vitagonga mbele wakati wa kushuka. Kijana aliyenihudumia alinisikiliza vizuri, nalisema hilo kwa haki yake. Alipotaka kunipa namba ndogo akidai zitalegea zenyewe nilimkatalia, kwa sababu kitambaa cha nailoni hakilegei kama ngozi. Nikalipa KSh 11,500 kwa M-Pesa. Risiti ninayo, na ujumbe wa M-Pesa ninao.

Nayaandika haya yote kwa sababu msimamizi wenu alisema mbele ya watu kwamba mimi sijui kuchagua kiatu. Nilichagua kwa makini kuliko yeye anavyochagua cha kuweka kwenye rafu.

Tulikwenda kucheza Limuru, nyanda za juu karibu na Nairobi. Limuru mwezi wa Juni ni ukungu na manyunyu, na udongo mwekundu unakamata kila kinachougusa. Tulipanda treni kituo cha Miritini, hapa Mombasa, hadi Nairobi, tukalala, asubuhi tukaenda uwanjani. Katika raundi ya kwanza nilikuwa nateremka kuelekea kwenye gogo nikahisi mguu wa kulia umekuwa mwepesi ghafla. Soli ilikuwa imebaki nyuma yangu kwenye tope. Nikakanyaga mzizi kwa kitambaa kitupu, kifundo kikapinda kwa ndani, nikaanguka na barakoa usoni. Refa akapuliza filimbi, mchezo ukasimama, wenzangu wawili wakanibeba. Hospitali walipiga eksirei: mfupa haukuvunjika, ila kano za kifundo zimechanika kiasi. Nimepewa magongo na vidonge vya maumivu, na nimeambiwa nisikanyage kwa nguvu.

Mmoja wa wenzangu aliirudia ile soli akaileta. Niliitazama usiku huo kwenye taa, na naomba nanyi muitazame. Sehemu ya nje, ya mpira, ni nzima. Meno yake yote ni makali. Ukingo wake haujalika popote. Kilichokufa ni tabaka la kati, la povu la poliyurethani. Ukilibonyeza kwa kidole linatoka unga mnato wa rangi ya manjano, unabaki kwenye ngozi. Buti ya kushoto, ambayo soli haijaachia bado, ukiikunja inapasuka pembeni na kutoa unga huo huo.

Wauzaji wa buti mnajua hili linatokana na nini. Povu la aina hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huvunja polepole minyororo ya kemikali inayolishikilia. Hutokea hata kama buti haijawahi kutoka kwenye sanduku lake. Tena buti inayovaliwa mara kwa mara mara nyingi hudumu kuliko iliyofungiwa stoo. Joto na unyevu huharakisha uharibifu huo, na bohari iliyoko Mombasa ina vyote viwili mwaka mzima. Shamba halimegui soli kutoka ndani na kuacha meno yake makali kwa nje. Msimamizi wenu alipotamka neno "shamba" alikuwa na ushahidi mkononi, kwenye vidole vyake mwenyewe, na bado akalitamka.

Chini ya soli, karibu na upinde wa unyayo, kuna duara dogo lenye namba kuanzia 1 hadi 12, na katikati yake mshale na tarakimu mbili. Mshale umeelekea 9. Tarakimu ni 15. Ndiyo alama ya kiwandani ya mwezi na mwaka soli ilipotengenezwa: Septemba 2015. Mmeniuzia kama mpya, kwa bei ya mpya, buti zilizokaa karibu miaka kumi mahali fulani zikioza kwa ndani. Nilimwonyesha msimamizi duara hilo kwa ncha ya kalamu. Alisema hiyo ni namba ya saizi. Nikamwambia saizi yangu ni 39. Hakujibu.

Sasa narudi kwenye kaunta, kwa sababu hapo juu nilieleza upesi na sikueleza yote.

Nilipomwomba aandike na kutia sahihi, uso wake ulibadilika. Alimwita askari kwa kidole. Yule askari ni mzee, amenizidi umri, na alisita. Msimamizi akamwambia, "Mwaga vyote, hawa huja kurudisha kitu na kuondoka na kingine." Hawa. Nilikuwa peke yangu. Vikatoka leso yangu, vidonge vyangu, kitambulisho, pochi, na karatasi ya hospitali. Karatasi hiyo ina jina langu, umri wangu na maelezo ya daktari. Msimamizi akaiokota, akaisoma kwa sauti kumsomea karani wa kaunta ya pili, akacheka akasema, "Mwanamke mzima anacheza vita vya watoto." Kisha akaichukua buti ya kulia pamoja na soli yake, akazirusha juu ya vitu vyangu, na ule unga wa manjano ukamwagikia leso na vidonge. Katika foleni alikuwamo jirani yangu wa Majengo. Alitazama pembeni ili asiniaibishe zaidi, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Askari ndiye aliyenisaidia kukusanya. Aliniambia polepole, "Mamangu, nisamehe." Huyo mzee asiguswe. Nikisikia ameachishwa kazi kwa sababu ya barua hii, itakuwa sababu nyingine ya mimi na ninyi kukutana mbele ya hakimu.

Hakuna kilichopatikana katika mkoba ule kilicho chenu. Hakuna aliyesema samahani, isipokuwa mzee huyo.

Kabla ya kuja dukani nilikuwa nimewapigia simu huduma kwa wateja, Jumatano, nikiwa bado kitandani. Wakati ule nilitaka pesa za buti tu, basi. Niliwekewa muziki hadi laini ikakatika. Nilipopiga tena niliambiwa niende tawini, "watakusaidia vizuri." Mmeona walivyonisaidia.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza kuielezea bidhaa kwa namna isiyo ya kweli. Kibandiko chenu cha "ikishauzwa hairudi" hakiwezi kufuta Katiba, na namshangaa mwanasheria wenu, kama mnaye, kwa kukiacha pale ukutani.

Nataka nirudishiwe KSh 11,500 zote. Si vocha ya kununulia dukani kwenu, ni pesa, kwa namba ile ile iliyolipa. Nataka mlipe gharama za hospitali, eksirei, magongo, na mazoezi ya viungo niliyoandikiwa. Risiti nimezinakili na kuziambatanisha. Wenzangu wanne walionunua buti za aina hiyo kwa ushauri wangu nao warudishiwe pesa zao, kwa sababu tumezigeuza na zote zina mshale na mwaka ule ule. Sitakubali mtu wa timu yangu ashuke mteremko juu ya povu lililooza.

Buti za fungu hilo ziondolewe kwenye rafu za matawi yote, si Mombasa peke yake. Jumamosi ile niliona sanduku zake zimepangwa hadi dari, na kijana wa shule alikuwa akijaribu jozi moja huku babake akihesabu noti. Nilimwambia yule baba ageuze soli aangalie namba. Msimamizi wenu akaniambia nisiwasumbue wateja. Kwa hiyo naongeza: mbandike tangazo dukani kuwaita wote waliouziwa buti hizo wazirudishe.

Na nataka barua ya kuniomba radhi, yenye sahihi ya msimamizi huyo na yako wewe Meneja Mkuu, ikitaja kupekuliwa kwangu na kusomwa kwa karatasi yangu ya hospitali. Msiniandikie kwamba mnasikitika "iwapo" niliudhika. Niliudhika, na kamera yenu iliyo juu ya kaunta ilinasa kila kitu. Picha za Jumamosi hiyo zihifadhiwe. Zikifutwa, nitamweleza hakimu kwamba niliwaomba kwa maandishi mzihifadhi.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuwapa siku kumi na nne. Nikikumbuka karatasi ile ikisomwa kwa kicheko, nawapa saba, kuanzia siku mtakayoipokea. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, nitawapelekea KEBS, shirika la viwango vya ubora, buti ya kushoto waikague, na nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo hapa hapa Mombasa. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1, yakiwemo ya jeraha la mwili, sihitaji wakili, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Huko sitadai tena KSh 11,500 peke yake. Nitadai maumivu, siku za kazi nilizokosa, na aibu niliyotiwa.

Buti zenyewe sizileti tena dukani. Zimo ndani ya mfuko uliofungwa, soli na unga wake, nyumbani kwangu. Mkitaka kuzikagua, mtume mtu mwenye barua ya kampuni na kitambulisho, nami nitamwonyesha mbele ya shahidi wangu. Hatazichukua.

Wenu,

Mteja wa Tawi la Mombasa
(Jina langu kamili na namba ya simu vimo katika nakala ya risiti iliyoambatanishwa.)