Barua kutoka Edinburgh: mwaka 1736

Kwako ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na nimefurahi kusikia kwamba nyumbani kwako hamjambo. Umeniuliza mji huu ulikuwaje zamani, kabla ya reli na viwanda. Nimeona nisikusimulie karne nzima bali mwaka mmoja tu, 1736.

Uskoti ilikuwa imeungana na Uingereza mwaka 1707, na baada ya hapo ushuru ulizidi kuwaelemea watu, hata magendo yakawa kazi isiyoonewa haya pwani. Aliyechukiwa ni mtoza ushuru. Andrew Wilson, mfanya magendo wa Fife, eneo la pwani la Uskoti, alimwibia afisa wa forodha huko Pittenweem, akahukumiwa kifo pamoja na mwenzake, George Robertson. Walipojaribu kutoroka gerezani, Wilson alitangulia dirishani, akakwama kwa sababu ya unene wake, na wote wawili wakashikwa. Nadhani deni hilo lilimuuma, kwani walipopelekwa kanisani siku chache kabla ya kunyongwa, aliwabana askari waliowalinda kwa nguvu zake zote hadi Robertson akaponyoka.

Ushujaa huo uliwateka watu. Wilson aliponyongwa katika uwanja wa Grassmarket tarehe 14 Aprili, mawe yalianza kurushwa, na askari wa mji waliokuwa chini ya Kapteni John Porteous wakaufyatulia umati risasi, wakaua watu kadhaa. Porteous alikana kutoa amri, lakini mahakama ilimtia hatiani na kuamuru anyongwe mwezi Septemba. Wakati huo Mfalme George II alikuwa Hanover, Ujerumani, na Malkia Caroline, aliyekaimu nafasi yake, akaahirisha adhabu kwa wiki sita.

Usiku wa tarehe 7 Septemba umati uliwapokonya askari silaha, ukafunga milango ya mji ili jeshi lililokuwa nje lisiingie, ukauchoma moto mlango wa gereza la Tolbooth na kumtoa Porteous katika dohani alimojificha. Njiani walivunja duka, wakachukua kamba, wakaacha gini moja ya dhahabu kuwa malipo yake. Sijui ndugu yangu utasemaje, lakini mimi sarafu hiyo hunishughulisha kuliko kitanzi chenyewe: watu hao walikuwa wakiua, nami siwatetei, ila machoni pao walikuwa wakitekeleza hukumu ambayo serikali ya London iliwanyima, na hawakutaka kuitwa wezi. Walimtundika kwenye nguzo ya mtia rangi nguo, wakatawanyika.

Mwaka huohuo James Watt, aliyekuja kuboresha injini ya mvuke, alizaliwa Greenock, sheria ya kuwaua watu kwa tuhuma za uchawi ikafutwa, na mshairi Allan Ramsay akafungua ukumbi wa michezo ya kuigiza hapa mjini, jambo lililowaudhi sana wachungaji.

Kuhusu Porteous, Bunge liliutoza mji faini ya pauni 2,000 kwa ajili ya mjane wake, na wachungaji wakaamriwa kusoma mimbarini, kila mwezi kwa mwaka mzima, tangazo la kuwasaka wauaji. Wengi waliona hiyo ni serikali kuingilia kanisa, wakakataa. Katika umati wote ule, hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako nduguyo,
Idrisa