Bastola yako na safari ya Maine

Mwanangu Idi,

Marahaba. Hongera kwa kazi mpya, na ahsante kwa kuniuliza habari ya bastola kabla hujapakia gari. Hapa Ohio huhitaji kibali kutembea nayo, na huko Portland, Maine, ni vivyo hivyo. Hofu yangu ni majimbo ya katikati. Barabara ya I-90 itakupitisha New York na Massachusetts. Massachusetts, ukikutwa umebeba bastola bila leseni yao, kifungo hakipungui miezi 18. New York, ikiwa na risasi ndani, ni miaka 3 na nusu kwenda juu.

Kinga yako ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986. Inamruhusu msafiri kupita na silaha yake madhali ni halali kwake anakotoka na anakokwenda, lakini ina masharti. Toa risasi zote, vuta slaidi ya juu, chungulia chemba inamokaa risasi, kisha ipapase kwa kidole. Bastola iingie kwenye sanduku la kufuli, risasi kwenye jingine, yote yakae nyuma kabisa. Gari lako halina buti iliyotengwa na viti, kwa hiyo kufuli ni lazima. Kidroo cha dashibodi hakikubaliki, hata ukikifunga kwa ufunguo. Magazini zako, vile visanduku vya kupakia risasi 15, niachie mimi. Majimbo yale mawili mwisho wao ni 10, na sheria ile ya shirikisho inataja silaha na risasi tu, si magazini.

Kubwa zaidi ni kulala. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa Utah alikosa ndege Newark, jimbo la New Jersey, akarudishiwa begi lenye bastola, akalala nalo hotelini. Asubuhi aliitaja mwenyewe uwanjani, kwa uaminifu, akakamatwa na kutiwa ndani. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema sheria haikumlinda, kwa sababu usiku ule silaha ilikuwa karibu na mkono wake. Iliniuma sana kuisoma kesi hiyo.

Kwa hiyo lala Ashtabula, ungali Ohio, uondoke alfajiri. Kutoka hapo simama kwa mafuta, chakula na choo tu. Shangazi yako wa Worcester, Massachusetts, atanuna usipolala kwake. Nitampigia mimi nimweleze. Mchukue Saidi mpokezane usukani, tiketi yake ya kurudi nitalipa.

Baba yako