Sato aandikwe: amevuliwa au amefugwa?

Mhariri,

Minofu ya sangara itokayo viwanda vya Mwanza haiuzwi Ulaya bila kuelezwa jina la samaki, kwamba amevuliwa maji baridi, na ni ziwa gani, nchi gani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1379 ya mwaka 2013 inataka hivyo. Lakini mama anayenunua sato Buguruni, Dar es Salaam, anaambiwa tu, "Wa Mwanza huyu."

Jibu hilo halimsaidii. Vizimba vya kufugia samaki navyo vimo ndani ya Ziwa Victoria, kwa hiyo sato aliyelishwa chakula cha punje miezi sita hadi minane naye ni wa Mwanza, wa ziwani kabisa. Hata aliyeingia nchini akiwa ameganda, akishayeyushwa usiku, asubuhi hupewa uenyeji.

Jicho nalo hudanganya. Samaki wanaolingana ukubwa, mapezi ya mkia yamelika, hudhaniwa ni wa kufugwa. Ila wachuuzi huwachambua hata waliovuliwa, na nyavu zenyewe huchagua ukubwa. Maabara inaweza kuwatofautisha kwa kupima mafuta yao, lakini nani atapeleka fungu la samaki maabara?

Inabaki karatasi, tena ianzie mwaloni, samaki wanaposhushwa. Kila kreti ifungwe lebo isiyoloa: amevuliwa au amefugwa, mwalo au shamba, tarehe, na kama aliwahi kugandishwa. Mambo huharibikia kwa dalali, anapomwaga kreti tatu kwenye sanduku moja la barafu na lebo zikabaki chini. Mzigo uliochanganywa hivyo usiruhusiwe kuandikwa "amevuliwa". Muuzaji wa rejareja atahitaji kibao kimoja tu kwa kila fungu, pembeni ya bei.

Baadhi ya wafugaji wanaogopa kwamba neno "amefugwa" litashusha bei. Huenda, kwa muda. Lakini sato wa kizimba huvunwa mteja akishapatikana, hakai siku kadhaa kwenye barafu akisubiri mzigo ujae. Tarehe ya kuvunwa ikiandikwa, itamuuza.

Kuna na suala la wachanga. Sato chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa ziwani, ila wa kizimba anaweza kuvunwa akiwa mdogo zaidi. Ndiyo maana mtu akikutwa na ndoo ya sato wa sentimita 18 hujitetea kuwa wametoka kizimbani, na afisa uvuvi hana cha kumbishia. Aulizwe stakabadhi ya shamba. Asipokuwa nayo, mzigo uhesabiwe kuwa umevuliwa.

Mfuatiliaji wa biashara ya samaki,
Mwanza