Idd Mubarak kutoka Maskati

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wazee wangu, ndugu zangu na watoto wetu mlioko Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, Dubai, London na kwengineko. Taqabbala Llahu minna wa minkum. Idd el-Hajj ya mwaka huu, 1446, imeangukia Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025. Jana mahujaji wetu walisimama Arafa. Leo huku Oman tunachinja, kisha nyama ya shuwa itafukiwa kwenye tanuri la shimoni, majirani wakichangia shimo moja.

Salamu za Idd huwa fupi, lakini mwaka huu nina la kusema. Jamaa wa Afrika Mashariki wanaponipigia simu siku hizi, swali ni moja: hii Oman yenu iko upande gani? Tarehe 12 Aprili Abbas Araghchi, waziri wa mambo ya nje wa Iran, na Steve Witkoff, mjumbe wa Rais wa Marekani, walikuwa hapa Maskati kwa mazungumzo ya mpango wa nyuklia wa Iran, kila mmoja na watu wake katika chumba chake, na waziri wetu wa mambo ya nje, Sayyid Badr bin Hamad Albusaidi, akapeleka maneno ya huyu kwa yule na kurudi na majibu. Hadi Idd hii wameshakutana mara tano, nyingine Roma, na Oman ndiyo mpatanishi kote. Tarehe 6 Mei ikawa Oman tena iliyotangaza kwamba Marekani na Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, wamekubaliana kusimamisha mapigano.

Wako wanaouona upatanishi huu ni woga. Mimi siuoni hivyo. Tazameni ramani: rasi ya Musandam ni yetu, ng'ambo yake ni Iran, na meli zinazopita Mlango wa Hormuz zikiwa na kiasi cha humusi, yaani sehemu moja kwa tano, ya mafuta yanayotumika duniani hupita kwenye maji yetu. Jirani hachaguliwi, na huyu hahamishiki.

Kisha kuna deni. Wakati wa vita vya Dhofar, maasi ya kusini mwa Oman yaliyokwisha katikati ya miaka ya 1970, maofisa wa Kiingereza na askari wa Shah, mfalme wa Iran, walipigana upande wa mtawala wetu, Sultan Qaboos. Shah alipopinduliwa mwaka 1979, Maskati haikuufunga ubalozi wala mlango. Mwaka huohuo nchi nyingi za Kiarabu zilivunja uhusiano na Misri kwa sababu ya mkataba wake na Israel, Oman ilibaki. Mwaka 2015 majirani zetu wote wa Baraza la Ushirikiano la Ghuba waliingia vita vya Yemen, sisi hatukuingia. Mwaka 2017 Qatar iliposusiwa na baadhi ya majirani zake, mizigo yake ilipitia bandari yetu ya Sohar.

Lakini nisiwadanganye kwamba Oman haikuwahi kuegemea popote. Mwaka 1980 ilikubaliana na Marekani watumie viwanja vyake vya ndege, na Aprili mwaka huohuo ndege za Kimarekani zilizokwenda kujaribu kuwaokoa Wamarekani walioshikwa mateka Tehran ziliruka kutoka kisiwa chetu cha Masira. Iraq ilipoimeza Kuwait mwaka 1990, askari wa Oman walikuwa katika muungano ulioikomboa. Hilo la Kuwait naliona lilikuwa haki tupu. Surat al-Hujurat inatuamuru tuyapatanishe makundi mawili ya Waumini yakipigana, na palepale inasema moja likilidhulumu jingine, basi lipigwe hilo lenye kudhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mungu. Amri zote mbili zimo katika aya moja. Anayesoma ya kwanza akaiacha ya pili atanyamaza mbele ya dhulma. Anayerukia ya pili kila mara atajikuta vitani kila mwaka, na mara nyingi kwa ajili ya ugomvi wa mtu mwingine.

Sisi wenye asili ya Zanzibar tuna sababu ya ziada ya kuuthamini upatanishi huu. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar pamoja, alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombana, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza kule India, ndiye aliyeamua: Zanzibar kivyake, Maskati kivyake, na Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zikapatana zenyewe kwa zenyewe. Ujerumani ikachukua kisiwa cha Heligoland, Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Kiingereza. Babu zetu walikuwa bidhaa juu ya meza ile. Leo wakubwa wanapogombana na meza iko kwetu, mimi nafurahi, na sioni haya kusema hivyo.

Na faida yake ina sura za watu. Mabaharia 25 wa meli Galaxy Leader, Wafilipino na wengineo, walikamatwa na Wahouthi Novemba 2023. Tarehe 22 Januari mwaka huu waliachiliwa kwa usuluhishi wa Oman, wakaletwa Maskati kwa ndege, kisha wakaenda makwao.

Basi katika dua zenu za Idd waombeeni watu wa Gaza, Sudan na Yemen, na muwaombee wajumbe wa Iran na Marekani warudi kukaa tena kabla mtu hajafyatua kombora. Watoto wapeni idi zao, wagonjwa wafikishieni salamu zetu, na mlio karibu na Maskati karibuni shuwa. Idd Mubarak, kullu aam wa antum bikheir.