Mnamwonea Bert Williams

Mhariri, salaam.

Jumapili iliyopita mlikuwa na makala ya wachekeshaji weusi wa zamani wa Marekani, mkaweka na picha ya Bert Williams kajipaka masizi usoni, halafu mwandishi wenu kamaliza kesi kwa sentensi moja, eti hao ndo waliouza utu wao kwa wazungu wapate hela. Nilikuwa nakunywa chai, nusura inipalie.

Kwanza jamaa hata hakuzaliwa Marekani, ni mtu wa Nassau, Bahamas, 1874. Na alikuwa maji ya kunde, ndo maana akipanda jukwaani ilibidi achome kizibo cha chupa ajipake masizi yake ili watu wamkubali kuwa ni mweusi kweli, yaani mweusi anajipaka weusi! Mchezo huo waliuanzisha wazungu, tangu miaka ya 1830 walikuwa wanajipaka na kuwaigiza watumwa, weusi walipopata nafasi ya kupanda jukwaani wakakuta mlango ni huohuo mmoja. Sisemi masizi yalikuwa mazuri, hata weusi wenzake wapo waliolalamika. Ila mtu akipita mlango mbovu angalieni basi na alichoenda kufanya huko ndani.

Alikutana na George Walker San Francisco mwaka 1893, wakawa pea, Walker mtanashati mjanja mjanja, Williams bwege mwenye mikosi. Mwaka 1903 wakapeleka Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, shoo yao In Dahomey, iliyotungwa na kuchezwa na weusi, wakavuka nayo mpaka London wakaicheza Buckingham Palace, jumba la mfalme. Walker alipougua 1909 mkewe Aida akavaa nguo za kiume akaingia nafasi yake jukwaani (huyo mama naye angestahili ukurasa wake peke yake, hamkumtaja kabisa). Walker akafariki 1911.

Mwaka 1910 Williams alikuwa ashachukuliwa na Ziegfeld, mwandaaji wa maonyesho, kwenye shoo yake kubwa ya wazungu, baadhi ya wenzake wakatishia kugoma, Ziegfeld hakumtoa. Alidumu huko mpaka 1919, na nje ya jukwaa bado kuna hoteli alikuwa hawezi kupita mlango wa mbele kama watu wengine. Mwenyewe aliandika 1918 kwamba hajawahi kuona aibu yoyote kuwa mtu mweusi, ila mara nyingi ameona ni usumbufu, huko Marekani. Someni tena hapo mwishoni, "huko Marekani". Huyo ndo aliyeuza utu?

Sasa mpwa wangu alinionyesha kwenye simu filamu yake ya 1916, A Natural Born Gambler. Mwishoni yuko jela, peke yake, hana karata hata moja, na anacheza karata. Anachanganya, anagawa, anawatazama wenzake ambao hawapo, mmoja mmoja, anachungulia zake, uso unachanua kidogo halafu anaubana haraka asije akajulikana, anaweka dau, anaongeza, mwisho anafunua na kumbe kaliwa. Hasemi neno. Mi nilicheka halafu nikanyamaza, kwa sababu uso umefunikwa wote na masizi lakini macho na vidole vinaongea kila kitu.

Na ipo nyingine ya 1913 ambayo haikumaliziwa, mikanda yake ikakaa stoo ya jumba la makumbusho New York miaka na miaka mpaka 2014 ndo watu wakaoneshwa. Humo waigizaji weusi wengine wote wana sura zao, kajipaka Williams peke yake, na anapanda bembea za kuzunguka na mchumba wake, anambusu, kama watu tu. Mwaka 1913!

Kumchanganya na Stepin Fetchit, mchekeshaji mweusi mwingine wa filamu, kama mlivyofanya ni kosa jingine, yule kaanza kuonekana kwenye filamu Williams keshakufa.

Alivyokufa hamkuandika pia. Mwishoni mwa Februari 1922, Detroit, alikuwa anaumwa nimonia na akalazimisha kupanda, akaishiwa nguvu palepale jukwaani, inasimuliwa watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Akafa tarehe 4 Machi, ana miaka 47.

Naomba mrekebishe, na safari hii mtafute picha yake ambayo hana masizi, zipo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro