Waanze kwa kufuta

Moshi

Mpendwa Mama Glory,

Za Arusha? Umeuliza vijana wa klabu yako waanzie wapi na yale matangazo ya kuhimiza matumizi mema ya mitandao. Waanze kwa kufuta. "Tumia mtandao vizuri" haimwambii mtu afanye nini. Kila tangazo libebe tendo moja tu: meseji ya kitapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ipelekwe 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, au, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hayo ni matangazo mawili. Wakitaka kuyabana kwenye moja, kataa.

Sekunde 30 zinatosha maneno 60 hadi 70 kwa mwendo wa kawaida. Wataandika 120, halafu wayasome kama konda wa kifodi anayeita abiria wa Sakina.

Kwenye matangazo ya kukanusha uvumi ndiko wanakoharibu zaidi. Wanapenda kuanza na uongo wenyewe, kwa sauti ya kutisha, ndipo mwishoni waseme si kweli. Aliyesikia nusu ameondoka na uongo mzima. Ukweli utangulie, na uongo utajwe mara moja, kwa kifupi.

Halafu sweta. Mtoto anasema "usitoe taarifa zako" huku nembo ya shule imejaa kifuani! Bora video ioneshe mikono na simu tu. Sura ikilazimika, mzazi atie saini kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Meseji za mfano wazitunge wenyewe, wasichukue za mtu. Na wakificha namba, wasitumie ile kalamu ya simu inayopitisha mwanga, maana picha ikiongezwa mwangaza tarakimu zinarudi. Waweke mstatili mweusi kabisa, kisha wapige picha ya skrini upya na kutumia hiyo.

Kwa sauti, simu yako moja inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege, umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili herufi p isipulize. Darasa la saruji lina mwangwi, kwa hiyo tundika vitenge viwili nyuma ya msomaji. Mvua ikianza kugonga bati, ahirisheni tu. Video ipigwe simu ikiwa wima, na maandishi yawe makubwa, maana wengi hutazama bila sauti. WhatsApp hupunguza ubora, basi anayehariri atumiwe faili kama dokumenti.

Mkimaliza, mwekeeni mpishi wa shule tangazo lenu mara moja tu, kisha mumuulize ameambiwa afanye nini. Akijibu "niwe makini," rudini mkafute tena.

Rasimu ya kwanza nitumie. Msalimie Glory na baba yake.

Mwenzako,
Mama Baraka